Vuta Pumzi, Zuia

Miaka ishirini na sita, chumba namba nne, Bombo,
nawaambia watu yaleyale:
vuta pumzi. Zuia. Usitikisike.
Kuli wa bandarini na kikohozi chake cha saruji,
bibi wa Makorora aliyeteleza bafuni,
mtoto aliyemeza sarafu ya mia
(niliiona, imetulia tumboni kama mwezi mpevu).
Kisha naenda nyuma ya ukuta, nabonyeza,
na mfupa unasema
kile ambacho mdomo uliona haya kukisema.

Kwa hiyo Nyamvula aliponiambia,
"Mama, tunataka kuliona jua kwa eksirei,"
nilicheka hadi chai ikanipalia.
Nani atalishika mabega?
Nani ataliambia livue mkufu?

Hakucheka. Akiwa na jambo lake hacheki,
hapo kamtoa baba yake.
Akachukua boflo mezani, akaliinua kwa kiganja.
"Kisetilaiti chenyewe ni kama hivi. Hakipigi, kinapokea.
Jua likilipuka linajipiga lenyewe.
Sisi tumeweka jicho tu,
na mbele ya jicho kidirisha cha madini,
chembamba kuliko ganda la kitunguu,
mwanga huu wa kila mtu usipite,
upite ule wa kwako."

Ule wa kwangu.

Nisijisifu: mwanangu aliunga nyaya za betri, basi,
mengine ni ya watu wengine, nchi nyingine.
Ila antena iko juu ya paa letu, Barabara ya Kumi na Nne,
imeundwa kwa fimbo za pazia la sebuleni.
Sasa wapita njia wanatuona tukila.
Kinatokea nyuma ya Usambara,
kinazama upande wa Unguja,
dakika tisa, na zikiisha zimeisha.
Waja leo, waondoka leo:
mji ulikitungia msemo kabla hakijazaliwa.

Alhamisi, jua la utosi,
Shekiondo fundi baiskeli akabisha hodi,
redio ya masafa mafupi kaipakata kama mgonjwa.
Imekata kauli katikati ya bei za korosho.
Kabadilisha betri mara mbili. Kaipiga kofi.
"Si betri," Nyamvula akamwambia. "Ni jua."
Akamtazama kama aliyetukanwa mbele za watu.

Saa mbili usiku kikapita,
kikamwaga kilichokiona mchana.
Kwenye skrini mstari ulikuwa umelala, umelala,
mara ukasimama wima
kama mtu aliyeitwa jina lake gizani,
halafu ukashuka taratibu, jinsi homa inavyoshuka.
"Nyuzijoto milioni kumi," akanong'ona.
"Pole," nikasema.
Alidhani namwambia yeye.

Nikamuuliza mbona hayo yote hayatufikii.
"Hewa, Mama. Yanaishia juu."
Hewa! Hii inayokausha kanga kambani,
inayoleta harufu ya katani mbichi,
ndiyo aproni yetu ya risasi,
tumevishwa wote bila kupangwa foleni.
Na kile kiboflo kimetoka nje bila aproni,
kipigwe, kihesabu kilivyopigwa, kitupe habari.

Mimi kifuani nina kibeji,
kila miezi mitatu hupelekwa kupimwa
mwanamke huyu kala mionzi kiasi gani.
Nitakirudisha Juni, nikistaafu.
Chao kitazunguka miaka miwili, labda mitatu,
kisha kitashuka kikiungua,
hata jivu lisitudondokee.

Ijumaa asubuhi, chumba namba nne,
msichana wa kiwanda cha maziwa, ubavu unamuuma.
Vuta pumzi, nikamwambia. Zuia.
Nikaenda nyuma ya ukuta
na, sijui kwa nini, miaka yote sijawahi,
nami nikazuia.